UIGAJI WA MIGONGANO YA CHEMBE: MFANO WA ANGA YA NYAMISATI

Nyamisati ni kijiji cha bandari katika Wilaya ya Kibiti, upande wa kaskazini wa delta ya Rufiji, nacho hujulikana zaidi kwa kuwa ndipo wasafiri wapandapo chombo kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia. Pwani yake ni ya mikoko, matope na vijito vya maji ya chumvi. Si rahisi mtu kukitaja kijiji hiki katika mazungumzo ya migongano ya chembe zenye nishati kubwa, kwani jambo hilo limezoeleka kutajwa pamoja na mtambo mkubwa wa CERN uliochimbiwa chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ambao mzingo wake ni kilomita 27. Hata hivyo migongano ya namna ile ile, na mingine inayouzidi mtambo huo kwa nishati, hutokea kila siku juu ya mikoko ya Rufiji, usiku na mchana, bila mtambo wowote. Makala haya yaeleza jinsi migongano hiyo inavyoigwa kwa kompyuta, sababu ya kuigwa kwake, na kadiri ambayo uigaji huo waweza kuaminiwa.

MVUA ISIYOONEKANA

Mwaka 1912 Victor Hess, mtaalamu wa Austria, alipanda angani kwa puto hadi kimo cha zaidi ya mita 5,000, akiwa na vyombo vya kupimia mnururisho. Watu wa wakati ule walidhani kwamba mnururisho wote uliopimwa hewani hutoka ardhini, na kwa hiyo hauna budi kupungua kadiri mtu anavyopanda juu. Hess aliona kinyume chake: baada ya kimo fulani vipimo vilizidi kuongezeka. Kulikuwa basi na kitu kilichokuja kutoka nje ya dunia. Kwa ugunduzi huo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Leo yajulikana kwamba kitu hicho ni chembe, na nyingi katika hizo ni protoni, yaani viini vya hidrojeni. Chembe hizo huja kwa kasi iliyokaribia ile ya nuru, zikagonga viini vya naitrojeni na oksijeni vilivyomo hewani. Mgongano mmoja huzaa chembe nyingine nyingi. Hizo nazo hugonga au kuvunjika, zikazaa nyingine tena, hata kile kilichoanza kuwa chembe moja kikawa mvua ya chembe. Mfaransa Pierre Auger na wenzake walithibitisha mwaka 1938 kwamba mvua moja ya namna hii yaweza kuenea juu ya eneo pana la ardhi kwa mara moja.

Nyingi katika chembe hizo huishia hewani. Zile ziitwazo muoni hupenya hadi chini, na katika usawa wa bahari hupita kiasi cha moja kwa kila sentimita mraba moja katika kila dakika. Mtu akiulaza mkono wake wazi gatini Nyamisati, muoni moja hivi hupita katika kiganja chake kila sekunde, naye asihisi neno.

Chembe za nishati ndogo ni nyingi, na zile za nishati kubwa ni adimu. Zenye nishati inayozidi elektronivolti milioni milioni elfu kumi, yaani 1 yenye sifuri 16, hufika chache tu kwa mita mraba moja kwa mwaka. Zenye sifuri 19 hufika moja hivi kwa kilomita mraba moja kwa mwaka. Na zenye sifuri 20 hazizidi moja kwa kilomita mraba moja katika karne nzima. Mikoko ya delta ya Rufiji yapata kilomita mraba 500. Kwa hiyo chembe za daraja ile ya kati huanguka juu ya mikoko hiyo mara mamia kadhaa kila mwaka, ilhali zile za daraja ya juu ni chache mno hata mtu mmoja angeweza kuzihesabu za mwaka mzima kwa vidole.

SABABU YA KUIGA

Mgongano wa kwanza wa mvua kubwa hutokea kilomita nyingi juu, mahali ambapo hakuna chombo cha kuutazama. Kinachopimwa ni mwisho wa mambo, yaani chembe zilizofika chini. Mtaalamu atakaye kujua ni chembe gani iliyoingia juu, ilikuwa na nishati gani, na iligonga namna gani, amekuwa kama mtu aliyesimama kwenye mlango wa mto, akitazama vitu vielea­vyo vikitoka baharini, na kutokana na hivyo ajaribu kujua habari za bara.

Mfano wa mto wafaa kuendelezwa, maana ndani yake imo njia yote ya uigaji. Ichukuliwe kwamba mtu yuko juu ya delta, mahali ambapo mto bado ni mmoja, naye atupa majini vifuu 600 vya nazi. Mbele yake mto wagawanyika katika panda ya kwanza: katika kila mafungu sita ya maji, manne hushika mkono wa kulia, na mawili mkono wa kushoto. Mkono wa kulia wagawanyika tena katika panda ya pili, nusu kwa nusu. Habari za kifuu kimoja haziwezi kutabiriwa. Lakini mtu mwingine, aliyeketi barazani na dadu moja tu, aweza kuiga safari ya vifuu vyote. Atupapo dadu ikaonyesha 1 hadi 4, huandika kwamba kifuu kimekwenda kulia. Ikionyesha 5 au 6, kimekwenda kushoto. Kwa kifuu kilichokwenda kulia hutupa dadu tena kwa ajili ya panda ya pili: namba shufwa, mkono huu, namba witiri, mkono ule. Arudiapo hivyo mara 600 atakuta kwamba kila mlango katika ile mitatu umepokea karibu vifuu 200. Havitakuwa 200 kamili. Huenda vikawa 190, 213 na 197, kwa kuwa nasibu ina mchezo wake. Idadi ya vifuu ikiongezwa, mchezo huo hupungua kwa kulinganisha na jumla yake.

Hapo mtu aweza kuuliza: dadu ya nini, ikiwa hesabu ya kawaida yatosha kuonyesha 200? Kwa panda mbili yatosha. Lakini mto ukiwa na panda elfu, na mgawanyo wa kila panda ukitegemea maji kujaa na kupwa, na kifuu kimoja kikiweza kupasuka njiani kikawa viwili au ishirini, hesabu ya kuandikwa humshinda mtu, na dadu ndiyo njia iliyobaki.

Faida kubwa zaidi yaonekana pale hesabu ya barazani isipopatana na mambo yalivyo. Ichukuliwe kwamba waliosimama kwenye milango mitatu walihesabu vifuu 100 na 300 katika mikono miwili ya upande wa kulia, na 200 katika ule wa kushoto. Jumla ya upande wa kulia ni 400, sawa na ilivyotarajiwa. Basi mgawanyo uliofikiriwa kwa panda ya kwanza ni wa haki. Kosa liko katika panda ya pili, ambako maji hayagawanyiki nusu kwa nusu. Hivyo mtu amejua habari ya mahali asipopaona, kwa kulinganisha mwigo wake na hesabu ya waliosimama mlangoni. Hiyo ndiyo kazi ya uigaji katika elimu ya chembe.

ASILI YA NJIA HII

Mwaka 1946 Stanislaw Ulam, mwanahisabati mwenye asili ya Poland na aliyefanya kazi Marekani, alikuwa akipata nafuu baada ya ugonjwa, akijipumbaza kwa karata za mchezo wa mtu mmoja. Alitaka kujua mchezo huo hushindwa au kushinda mara ngapi. Hesabu yake ikawa ndefu kupita kiasi, ndipo akafikiri kwamba ni rahisi zaidi kuucheza mara mia na kuhesabu mara za kushinda. Alimweleza John von Neumann, nao wakaona kwamba njia hiyo yafaa kwa kufuata safari za nyutroni ndani ya madini yenye kupasuka viini, jambo lililokuwa likishughulikiwa katika maabara ya Los Alamos. Mwaka 1948 hesabu za kwanza za namna hii zilifanywa kwa kompyuta iitwayo ENIAC. Mwenzao Nicholas Metropolis aliipa njia hiyo jina la Monte Carlo, mji wa Monako wenye nyumba mashuhuri ya kamari. Na mwaka 1949 yeye na Ulam wakaitangaza kwa maandishi.

Yafaa ijulikane kwamba kompyuta haikuwa sharti. Mwaka 1952 Robert Wilson, mtaalamu wa Marekani, alieleza jinsi alivyoiga mvua za elektroni na miali ya gama ndani ya risasi kwa kuzungusha gurudumu la bahati. Alizigawanya safari katika hatua fupi fupi. Kwa kila hatua gurudumu lilizungushwa, na mahali liliposimama ndipo paliposomwa kama chembe imepita salama, imepoteza nishati, au imezaa nyingine. Kilichoongezwa na kompyuta ni kasi, na kasi hiyo ndiyo iliyowezesha kuigwa kwa mvua zenye chembe mamilioni.

SAFARI YA PROTONI MOJA

Hewa yote iliyo juu ya kichwa cha mtu asimamaye Nyamisati ina uzito sawa na ule wa maji ya kina cha mita 10 hivi, ambayo ni pima tano na nusu. Wataalamu hupima safari ya chembe kwa uzito wa hewa iliyopitwa, maana hewa ya juu ni nyepesi na ya chini ni nzito, na kilomita moja ya juu si sawa na kilomita moja ya chini. Katika maelezo yafuatayo hewa hiyo itahesabiwa kama maji ya kina hicho.

Protoni yenye nishati kubwa, kwa wastani, husafiri kiasi cha sentimita 85 za kina hicho kabla ya kugonga kiini cha hewa. Huo ni wastani tu. Programu ya kompyuta huchagua namba moja kwa nasibu kati ya 0 na 1, kisha huigeuza kuwa kina kwa kanuni ijulikanayo. Namba ikiwa 0.5, protoni hugonga katika kina cha sentimita 59, kwa sababu nusu ya protoni zote huwa hazijagonga bado zifikapo hapo. Namba ikiwa 0.1, hugonga katika kina cha sentimita 196, kwa kuwa moja tu katika kumi huweza kufika mbali hivyo. Kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi mno, vina hivyo vyote viko mbali sana juu, na mgongano hutokea katika kimo ambacho ndege nyingi za abiria hazifiki.

Hatua ya pili ni mgongano wenyewe. Hapa programu haina budi kuamua ni chembe ngapi zilizozaliwa, za aina gani, na kila moja imechukua fungu gani la nishati. Nyingi huwa pioni, nazo ni za namna tatu: zenye chaji chanya, zenye chaji hasi, na zisizo na chaji. Zisizo na chaji, ambazo ni kama theluthi moja, huvunjika papo hapo zikawa miali ya gama, na kutoka kwa miali hiyo huzaliwa elektroni nyingi. Fungu hilo la nishati halirudi tena upande wa pioni.

Theluthi mbili zilizobaki hukabiliwa na mambo mawili yanayoshindana. Pioni yenye chaji yaweza kugonga kiini kingine, au yaweza kuvunjika yenyewe ikazaa muoni. Programu huchagua namba mbili: moja huonyesha pioni ingefika wapi kabla ya kugonga, na nyingine ingefika wapi kabla ya kuvunjika. Mwendo ulio mfupi ndio ushindao. Mahali ambapo hewa ni nyepesi, kugonga huchelewa na kuvunjika huelekea kutangulia. Na nishati ikiwa kubwa mno, kuvunjika huchelewa na kugonga hutangulia.

Muoni ikishazaliwa, hufuatwa nayo. Maisha yake kwa wastani ni sehemu 2.2 za sekunde iliyogawanywa mara milioni. Hata ingekwenda kwa kasi ya nuru, kwa muda huo isingevuka zaidi ya mita 660, nayo imezaliwa zaidi ya kilomita kumi juu. Ila kwa kanuni ya Einstein, kitu kiendacho kwa kasi iliyokaribia ile ya nuru huonekana na mtazamaji wa ardhini kuwa muda wake unakwenda polepole. Muoni yenye nishati ya elektronivolti bilioni 4 hurefushiwa muda wake kiasi cha mara 38, na mita 660 zikawa kilomita 25. Ndiyo sababu kiganja kile cha gatini kinapitwa na muoni. Programu ikiisahau kanuni hii, uigaji wake utaiacha pwani karibu bila muoni, na kipimo chochote kitausuta.

Mambo haya yote hurudiwa kwa kila chembe, kizazi baada ya kizazi, mpaka kila moja imefika chini, imevunjika, au imepungukiwa nishati kiasi cha kutostahili kufuatwa.

Namba za nasibu zilizotajwa hapa hazitoki katika bahati ya kweli. Kompyuta huzitengeneza kwa hesabu, ikianzia namba moja iitwayo mbegu. Mbegu ile ile huzaa mfuatano ule ule. Hili ni jambo la manufaa, kwani mtaalamu mwingine akipewa programu na mbegu aweza kuirudia mvua ile ile chembe kwa chembe na kuikagua.

MAHALI KATIKA HESABU

Mojawapo ya programu zitumiwazo sana kwa kazi hii ni CORSIKA, iliyotungwa huko Karlsruhe, Ujerumani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Atakaye kuitumia hana budi kuieleza mahali: kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari, hali ya hewa kutoka chini hadi juu, na nguvu na mwelekeo wa usumaku wa dunia. Mvua iliyoigwa kwa Ulaya haiwezi kuhamishiwa Rufiji kama shehena.

Usumaku ndio utofautishao mahali zaidi. Chembe zenye chaji zikivuka mistari ya usumaku hupindwa. Karibu na ncha za dunia chembe zaweza kuteremka kwa kuifuata mistari hiyo. Karibu na ikweta mistari imelala zaidi, na chembe ijayo kutoka juu hulazimika kuikata. Zile dhaifu hugeuzwa zikarudi, na zenye nishati ya kutosha peke yake ndizo ziingiazo. Jambo hili liligunduliwa na Jacob Clay, Mholanzi, mwaka 1927, alipopima mnururisho melini katika safari ya Bahari ya Hindi kati ya Java na Ulaya, akaona kwamba hupungua chombo kinapokaribia ikweta. Nyamisati, iliyo kati ya nyuzi 7 na 8 kusini mwa ikweta, imo katika ukanda huo uliokingwa zaidi.

Katika Afrika mfano mkubwa wa matumizi ya mvua zilizoigwa ni darubini za H.E.S.S. huko Namibia, zilizoanza kazi mwaka 2002 katika nyanda za juu zenye kimo cha mita 1,800. Darubini hizo huona mwanga hafifu utolewao na mvua za chembe usiku, nazo hazina budi kutenganisha mvua zilizoanzishwa na miali ya gama na zile nyingi zaidi zilizoanzishwa na protoni. Umbo la kila namna hujulikana kwa kuziiga kwa wingi na kuzilinganisha.

WINGI NA UPUNGUZAJI

Mvua iliyoanzishwa na chembe ya nishati yenye sifuri 20 huwa na chembe mabilioni mengi inapokuwa katika ukubwa wake. Kuzifuata zote kungeishughulisha kompyuta kwa muda mrefu mno, na mvua moja haitoshi, huhitajiwa maelfu.

Dawa yake yafanana na kazi ya mkulima apunguzaye miche shambani. Chembe dhaifu zikizidi wingi, programu huchagua moja kwa nasibu na kuacha nyingine, kisha ile iliyobaki hupewa uzito wa wenzake: muoni moja yenye uzito wa 100 huhesabiwa kama muoni 100. Jumla haiharibiki kwa wastani, ila mchezo wa nasibu huongezeka, maana bahati ya moja imefanywa kuwa bahati ya mia. Kwa hiyo kila apunguzaye sharti aonyeshe kwamba hakupunguza kupita kiasi, la sivyo matokeo yake yataonyesha vilima na mabonde yasiyokuwako.

HITILAFU YA MUONI

Sehemu nyingi za uigaji zimethibitishwa vema. Tabia za elektroni, miali ya gama na muoni katika kupita hewani zajulikana kwa usahihi mkubwa. Udhaifu uko katika ile hatua ya mgongano wenyewe kati ya protoni au pioni na kiini cha hewa. Kanuni ya nguvu zinazotenda hapo yajulikana, lakini haijawezekana kuikokotoa moja kwa moja hata kupata idadi ya pioni zitakazozaliwa. Watungaji wa programu hutumia vielelezo: hesabu zilizojengwa juu ya kanuni, na mahali ambapo kanuni haitoi jibu zikarekebishwa kwa vipimo vya mitambo. Migongano ya mtambo wa CERN ina nishati inayolingana na ile ya chembe yenye sifuri 17 hivi ikigonga kiini kilichotulia hewani. Juu ya hapo vielelezo vyaendelezwa kwa kukisia.

Kipimo cha kuvikagua kipo Argentina, karibu na mji wa Malargüe, kwenye kituo kilichopewa jina la Pierre Auger. Kituo hicho kilikamilika mwaka 2008, nacho kina matangi ya maji zaidi ya 1,600, kila moja lenye lita 12,000, yaliyotandazwa juu ya eneo la kilomita mraba 3,000, eneo ambalo lingeimeza mikoko yote ya Rufiji mara sita. Chembe zipitapo majini hutoa mwanga, na mwanga huo hupimwa.

Mwaka 2015 na 2016 wataalamu wa kituo hicho walitangaza kwamba muoni walizozipima zawazidi muoni za uigaji. Ziada hiyo, kwa kielelezo kimoja, ilikuwa kama theluthi moja, na kwa kingine ilizidi nusu. Vielelezo vyote viwili vilikuwa vimekwisha kurekebishwa kwa vipimo vya CERN. Hitilafu hiyo bado haijapata jibu lililokubaliwa na wote.

Hapa mfano wa vifuu warudi kwa manufaa. Ikiwa mlangoni mwahesabiwa vitu vingi kuliko vilivyotarajiwa, iko panda mahali fulani ambayo mgawanyo wake umekosewa. Dhana mojawapo ni panda ya theluthi. Ilisemwa kwamba katika kila mgongano theluthi moja hivi ya nishati hupotelea kwa pioni zisizo na chaji, na theluthi mbili hubaki kuendeleza kizazi kijacho, ambacho mwishowe huzaa muoni. Ichukuliwe kwamba fungu libakilo si 67 katika mia, bali 70. Tofauti hiyo ni ndogo, kiasi cha sehemu 5 katika mia. Lakini vizazi ni vingi, na kila kizazi huzidisha: 1.05 ikizidishwa kwa yenyewe hata ikawa mara sita hutoa 1.34, yaani ziada ya theluthi nzima. Kosa ambalo lisingeonekana katika mgongano mmoja hukua njiani likawa kubwa linapofika ardhini. Hii ni dhana moja tu miongoni mwa kadhaa, na haijathibitishwa.

Ili kuikagua panda hiyo kwa karibu, mwezi wa Julai 2025 mtambo mkubwa wa CERN uligonganisha protoni na viini vya oksijeni kwa mara ya kwanza, badala ya protoni na protoni au viini vizito vya risasi. Oksijeni ni moja ya sehemu kuu mbili za hewa. Kwa hiyo mgongano ulio karibu zaidi na ule utokeao juu ya Nyamisati uliletwa ndani ya maabara, mbele ya vyombo, ili yaliyokuwa yakikisiwa yapate kupimwa.

UIGAJI NA RAMLI

Katika maabara hiyo hutumika programu iitwayo PYTHIA, iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi. Kazi yake ni kuiga migongano ya chembe. Jina lake ni la kahini wa kike wa Wagiriki wa kale, aliyeulizwa habari za mambo yajayo huko Delphi. Watungaji walilichagua kwa mzaha, lakini mzaha huo wafaa kutazamwa, maana msomaji wa pwani aweza kuuliza kama uigaji wa nasibu una tofauti gani na ramli.

Mpiga ramli na mwigaji wote wawili hutumia nasibu. Ila mpiga ramli huulizwa na mtu mmoja juu ya jambo lake moja, naye hujibu juu ya jambo hilo hilo: safari hii, mgonjwa huyu, mali iliyopotea jana. Mwigaji hawezi kusema neno juu ya protoni iliyoingia angani leo asubuhi. Aweza kusema tu kwamba katika protoni elfu za namna hiyo, ngapi zitafanya hivi na ngapi vile. Tena mwigaji hutaja mapema kile ambacho kikionekana kitamtia hatiani, na matangi ya Malargüe yamemtia hatiani kweli. Matokeo ya hukumu hiyo ni kwamba vielelezo vyarekebishwa, na migongano mipya ikafanywa.

Kwa sababu hiyo matokeo ya uigaji hayapaswi kuitwa kipimo. Mvua milioni zilizoigwa hazina ushahidi mpya juu ya maumbile kuliko ulioingizwa na mtungaji wa programu. Zinachotoa ni matokeo ya mbali ya yale aliyoyaamini, ambayo akili peke yake isingeweza kuyafikia. Ilipotangazwa mwaka 2012 kwamba chembe iitwayo Higgs imepatikana CERN, migongano iliyoigwa ilitumika kuonyesha vipimo vingekuwaje kama chembe hiyo haipo, na vingekuwaje kama ipo. Hukumu yenyewe ilitolewa na migongano ya kweli.

MANENO

Lugha ya Kiswahili ina maneno ya kutosha kueleza jambo hili, na baadhi yake yana maana iliyo wazi kuliko yale ya lugha za kigeni. Neno nasibu asili yake ni Kiarabu, na huko lina maana ya fungu au sehemu anayopewa mtu. Maana hiyo yalingana barabara na hesabu iliyoelezwa hapa, kwani mwenye kuiga huanza kwa kujua mafungu: manne kwa mawili, theluthi kwa theluthi mbili, nusu kwa nusu. Neno bahati, ambalo asili yake ni Kiajemi, huelekea zaidi upande wa kheri au shari impatayo mtu. Kwa hiyo katika vitabu vya elimu hii nasibu lafaa kuliko bahati.

Neno chembe limekwisha kuzoeleka, na neno mvua kwa mfuatano wa chembe zinazoanguka lajieleza lenyewe. Protoni, muoni na pioni zimepokewa kama zilivyopokewa karata na meli, zikavaa irabu na kuingia katika sarufi.

Limebaki neno uigaji. Wako wawezao kulikataa kwa kuwa kuiga, katika mazungumzo, huwa na harufu ya dharau, kama kusemwa kwamba fulani hana lake bali huiga watu. Lakini harufu hiyo yaweza kuwa na faida darasani. Mwanafunzi asikiapo kwamba jambo limeigwa, mara moja huuliza ni kitu gani kilichoigwa, na kama mwigo wafanana nacho. Hilo ndilo swali ambalo wataalamu wa Argentina waliuuliza uigaji wao, na ndilo ambalo mwalimu wa fizikia huko Kibiti aweza kumfundisha mwanafunzi wake kwa dadu moja na vifuu vichache vya nazi.